Miaka Iliyoongezwa: Kuishi Baada ya Ugonjwa Mzito wa Moyo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Wafalme 20:1–19, Isaya 38, 2 Mambo ya Nyakati 32:24–31, Yohana 9:1–3, Wafilipi 2:25–30, Ayubu 2:11–13.

Fungu la Kukariri: Zaburi 73:26. Lifungue katika Biblia yako na ulisome kwa sauti kila asubuhi ya juma hili. Angalia jinsi Asafu anavyokiri waziwazi kwamba mwili na moyo wake vinadhoofika, na katika fungu hilo hilo anasema Mungu ni nani kwake.

Mshiriki anaporudi kutoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo au upasuaji wa moyo, kanisa hushangilia. Maombi ya shukrani hutolewa, wimbo huimbwa, na watu humwambia, “Mungu amekutendea, umepona.” Naye huitikia, “Amina.” Lakini majuma machache baadaye wageni wamepungua, na usiku wa manane yu macho kitandani akisikiliza mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kila kichomi kidogo kifuani kinamwambia kwamba mwisho umefika. Anakasirishwa na mambo madogo. Anatokwa na machozi bila kujua sababu, naye ni mzee wa kanisa aliyezoea kuwafariji wengine. Hathubutu kumweleza mtu, maana alikwisha kusimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda.

Biblia inatupa habari za mtu aliyeugua karibu ya kufa, akapona, kisha akalazimika kujifunza namna ya kuishi miaka aliyoongezewa. Huyo ni mfalme Hezekia. Ugonjwa wake haukuwa wa moyo, kwa kuwa Biblia inataja jipu. Lakini aliyoyapitia rohoni yanafanana sana na yale wanayoyapitia ndugu zetu waliougua moyo. Juma hili tutatembea naye tangu kitandani mpaka siku wageni walipomjia, tukiona kwamba hofu na huzuni baada ya ugonjwa si uthibitisho wa kukosa imani, na kwamba Mungu anayeongeza miaka huongeza pia msaada wa kuiishi.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Uso Ukutani

Soma Isaya 38:1–3 na 38:9–14. Hezekia alifanya nini mara tu alipopata habari za ugonjwa wake? Ni mifano gani aliyoitumia kueleza alivyojisikia?

Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa angekufa. Akageuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Mtu anayegeukia ukutani hataki kuonekana. Mfalme huyu alikuwa amesimama imara Waashuri walipoutishia Yerusalemu, lakini mbele ya ugonjwa alilia, wala Mungu hakumkemea. Jibu la Mungu lilitaja mambo mawili: ameyasikia maombi yake, na ameyaona machozi yake. Kwa Mungu machozi yalihesabiwa pamoja na maombi.

Baada ya kupona, Hezekia aliandika jinsi ilivyokuwa. Alijiona kama hema ya mchungaji inayong’olewa, kama kitambaa kinachokatwa na mfumaji kabla hakijakamilika. Usiku aliwaza kwamba kabla ya asubuhi atakuwa amevunjwa mifupa kama aliyekamatwa na simba. Alilia kama ndege, macho yake yakachoka kwa kutazama juu. Haya ni maneno ya mtu anayemwamini Mungu, na yamewekwa ndani ya Maandiko Matakatifu ili sisi tuyasome.

Wataalamu wa afya wanayatambua mambo haya. Karibu mtu mmoja kati ya kila watano waliopata mshtuko wa moyo huingia katika sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wengine wengi hupata dalili zake kwa kiasi kidogo. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilipendekeza kwamba sonona ihesabiwe miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari kwa mgonjwa aliyepata mshtuko wa moyo. Sababu zake zinaeleweka. Aliyekata tamaa husahau dawa, huacha kutembea, hakosi usingizi siku moja tu bali siku nyingi, na hurudia sigara au pombe kama alizitumia zamani. Tena hofu ya kudumu huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Basi kumwambia mgonjwa “jikaze tu” ni kumwacha na hatari halisi.

Si kila huzuni ni sonona. Katika majuma ya kwanza wengi hulia kwa urahisi, hukosa usingizi na hamu ya kula, kisha hali hupungua polepole. Lakini huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili karibu kila siku, au mtu akipoteza furaha katika mambo yote aliyoyapenda, amweleze daktari wake wa moyo. Sonona ina matibabu: mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na dawa ambazo daktari anajua zipi zinafaa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Mtu akianza kusema kwamba ni afadhali afe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na maumivu ya kifua je? Hofu kali yaweza kuleta kubanwa kifua, jasho na kuhema. Ugonjwa wa moyo nao huleta hayo hayo. Mtu aliye nyumbani hawezi kutofautisha kwa kubahatisha. Maumivu yakija, hasa yakienda begani, mkononi au tayani pamoja na jasho na kukosa pumzi, aende hospitali mara moja. Akikuta ni hofu, asione haya kwamba amesumbua watu. Amefanya lililo sawa.

Umewahi kugeuza uso ukutani? Ungependa mtu wa kanisa lako akufanyie nini wakati huo, na usingependa akufanyie nini?

JUMATATU
Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:4–7 na Isaya 38:21. Mungu aliahidi nini, na nabii aliagiza nini kifanyike? Kwa nini vyote viwili vilihitajika?

Isaya alikuwa hajafika mbali na jumba la mfalme neno la Bwana lilipomrudisha. Maombi yamesikiwa, miaka kumi na mitano imeongezwa, siku ya tatu mfalme atapanda nyumbani kwa Bwana. Ahadi ilikuwa kamili. Hata hivyo nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hezekia hakusema, “Kwa kuwa Mungu ameahidi, tini za nini?” Aliyeahidi uponyaji ndiye aliyeagiza tiba.

Katika makanisa yetu jambo hili linagusa uhai wa watu. Ndugu ameombewa, amejisikia vizuri, na mtu anamwambia kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kuonyesha mashaka. Anaacha. Lakini mara nyingi amejisikia vizuri kwa sababu dawa zinafanya kazi. Aliyewekewa valvu ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida warfarini, maisha yake yote. Akiiacha, damu yaweza kuganda kwenye valvu na kuleta kiharusi. Kijana ambaye valvu zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi hupewa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka mingi, ili homa hiyo isirudi na kuharibu zaidi. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zikikatizwa ghafula zinaweza kuleta madhara makubwa. Uamuzi wa kupunguza au kuacha dawa ni wa daktari aliyeziandika.

Dawa hizi nazo zinaweza kugusa hisia na nguvu za mtu. Baadhi huleta uchovu au mikono kuwa baridi, nyingine humfanya mtu aende msalani mara kwa mara, naye akaanza kuogopa safari na ibada ndefu. Mgonjwa aseme mambo haya kliniki. Mara nyingi kipimo au saa ya kumeza inaweza kubadilishwa.

Ziko pia desturi njema za kanisa zinazohitaji busara. Mwenye ugonjwa wa moyo asifunge chakula na maji pasipo kumwuliza daktari, hasa akiwa anatumia dawa za kupunguza maji mwilini au ana kisukari. Anaweza kufunga kwa njia nyingine, kama kutenga muda wa sala au kuacha simu kwa siku nzima. Anayetumia warfarini asiongeze ghafula mboga za majani kama mchicha, matembele au sukuma wiki, wala asiziache ghafula, kwa kuwa zina vitamini K inayobadilisha nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kinacholingana juma hadi juma na apime damu kama alivyoelekezwa. Dawa za mitishamba zisichanganywe na za hospitali kwa siri.

Kumeza kidonge asubuhi kwa sala fupi ya shukrani ni ibada. Hezekia aliupokea mkate wa tini kutoka katika mkono ule ule uliorudisha kivuli nyuma madaraja kumi.

Je, kuna jambo linalosemwa katika kanisa lenu linaloweza kumfanya mgonjwa aache dawa? Mnawezaje kulisahihisha kwa upole?

JUMANNE
“Mimi Niliyeshika Ujumbe wa Afya?”

Soma 2 Wafalme 18:3–6, Yohana 9:1–3 na Wafilipi 2:25–30. Maandiko haya yanasema nini juu ya kudhani kwamba kila anayeugua amekosa?

Mwadventista anayeugua moyo huwa na mzigo ambao jirani yake hana. Amefundishwa tangu utoto juu ya chakula bora, maji, mazoezi, pumziko, na kuepuka pombe na tumbaku. Huenda amewafundisha wengine hayo kwenye mikutano ya hadhara. Sasa yeye ndiye anayelazwa. Anawaza, “Watasema nini? Watadhani nilikuwa nakula kwa siri.” Wengine huficha ugonjwa, na wengine huacha kuja Sabato.

Ujumbe wa afya ni baraka. Tafiti zilizofanywa kwa Waadventista wa California tangu mwaka 1958 zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba namna hii ya kuishi huambatana na magonjwa machache ya moyo. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa kabisa. Wako waliorithi mafuta mengi katika damu. Wako waliopata homa ya baridi yabisi utotoni, baada ya maumivu ya koo ambayo hakuna aliyejua kwamba yangefika moyoni. Wako akina mama ambao moyo wao ulidhoofika karibu na wakati wa kujifungua. Wako waliozaliwa na tundu katika moyo. Wako wenye shinikizo la damu lililokaa miaka bila dalili yoyote. Hakuna kati ya hawa anayestahili kuulizwa kwa jicho la kushuku, “Ulikuwa unakula nini?”

Wapo pia ambao kweli hawakujali miili yao. Hao nao hawahitaji mahakama. Wanafunzi walipomletea Yesu swali la nani aliyetenda dhambi, Yesu alikataa kufanya hesabu ya lawama na akaelekeza macho kwenye kazi ya Mungu iliyokuwa mbele. Anayejuta kwa ajili ya jana atubu, asamehewe, aanze leo. Majuto yasiyo na mwisho hayaponyi mshipa wowote.

Hezekia alimtumaini Bwana kuliko wafalme wengi wa Yuda, na aliugua. Epafrodito aliugua karibu ya kufa akiwa katika kazi ya Bwana. Tazama jambo dogo katika habari zake: alihuzunika kwa sababu ndugu wa Filipi walisikia kwamba ameugua. Mgonjwa huchukua pia wasiwasi wa wale wanaomwonea wasiwasi. Paulo hakumtia aibu. Alimrudisha nyumbani na kuliagiza kanisa limpokee kwa furaha na kumheshimu. Katika 2 Timotheo 4:20 Paulo anasema alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa hawezi. Mtume ambaye Mungu alifanya kwa mikono yake miujiza mikubwa alimwacha rafiki mgonjwa, akaliandika jambo hilo bila kueleza wala kujitetea.

Darasa lenu la Shule ya Sabato linapofundisha afya, je, mgonjwa aliyeketi nyuma anasikia tumaini au anasikia hukumu?

JUMATANO
Kutembea Polepole

Soma Isaya 38:15–20. Hezekia anasema ataishije miaka yake iliyobaki? Kwa nini mtu aliyeponywa aseme maneno kama hayo?

Katika wimbo wake wa shukrani Hezekia anasema kwamba atakwenda polepole miaka yake yote kwa sababu ya uchungu aliouonja. Amepona, lakini hakurudi kuwa mtu yule yule wa zamani. Hili ndilo gumu kwa wengi. Mkulima aliyekuwa akilima ekari nzima sasa anapumzika baada ya matuta mawili. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani anaambiwa asibebe zaidi ya kilo 4 au 5, kwa kuwa mfupa wa kifua uliokatwa wakati wa upasuaji huhitaji kati ya majuma 6 na 12 kuunga. Dereva hajui kama atarudishiwa kazi. Kuna msiba hapa ingawa hakuna aliyekufa, na msiba huhitaji kuombolezwa.

Lakini kwenda polepole bado ni kwenda. Kanisa letu lina mfano wake. Mnamo Agosti 16, 1865 James White, mume wa Ellen White, alipigwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 44, baada ya miaka ya kazi kupita kiasi. Kiharusi huathiri ubongo, lakini ni ndugu wa magonjwa ya moyo kwa kuwa mara nyingi hutokana na mishipa ya damu. Alipelekwa katika kituo cha afya huko Dansville, New York, akakaa miezi kama mitatu. Huko alishauriwa apumzike kabisa na kuepuka kazi za mwili na za akili. Mkewe aliona kwamba kukaa bila kazi kulikuwa kunamzamisha zaidi katika hofu na huzuni. Akamwondoa, na katika majira ya baridi ya 1866 akamchukua katika safari ya kuyatembelea makanisa ya Michigan. Baadaye wakapata shamba dogo huko Greenville. Wakati wa kuvuna majani makavu James alikusudia kuwaomba majirani wamsaidie. Mkewe akawatangulia na kuwasihi wakatae kwa adabu. Ikambidi James afanye kazi, naye Ellen akiwa kando yake akiipanga lundo. Nguvu zikarudi polepole.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Alipatwa tena na kiharusi, na vipindi vya huzuni vilimrudia. Lakini aliliongoza tena kanisa kama rais wa Konferensi Kuu, na mwaka 1874 alianzisha gazeti la Signs of the Times huko Oakland, California. Alifariki Agosti 6, 1881, siku kumi kabla ya kutimia miaka 16 tangu kiharusi cha kwanza. Miaka hiyo yote ilikuwa ya nyongeza.

Tusichukue habari hii kama ruhusa ya kumsukuma mgonjwa kufanya kazi. Wakati ule hapakuwa na vipimo tulivyo navyo leo. Siku hizi daktari hupima kwanza, kisha humpangia mgonjwa kiasi chake. Wengi huanza na kutembea dakika chache mahali tambarare, mara mbili kwa siku, na kuongeza kidogo kila juma. Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa unatembea uweze kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Ukishindwa, punguza mwendo. Kila safari inayomalizika salama huufundisha moyo wenye hofu kwamba mwili bado unaaminika.

Wenzi wa ndoa wana hofu nyingine wasiyoitaja. Wengi huacha tendo la ndoa kwa kuogopa kwamba litamwua mgonjwa, na kila mmoja hudhani mwenzake hampendi tena. Kwa kawaida, mtu ambaye hali yake imetulia na anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kukosa pumzi anaweza kurudi kwenye tendo la ndoa. Wamwulize daktari bila haya. Mwanamume asinunue dawa za kuongeza nguvu dukani, kwa sababu zikikutana na baadhi ya dawa za kifua shinikizo la damu laweza kushuka kiasi cha kuua.

Ni hatua gani moja ndogo ambayo wewe, au mgonjwa unayemjua, anaweza kuichukua juma hili kwa kibali cha daktari?

ALHAMISI
Wageni wa Hezekia

Soma 2 Wafalme 20:12–19 na 2 Mambo ya Nyakati 32:24–31. Wageni walikuja kwa sababu gani? Hezekia aliwaonyesha nini, na aliacha kuwaambia nini?

Mfalme wa Babeli alisikia kwamba Hezekia aliugua, akatuma wajumbe, barua na zawadi. Walitaka pia kujua juu ya ile ajabu iliyotendeka katika nchi. Ilikuwa nafasi ya kusema juu ya Mungu anayesikia machozi. Hezekia akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato na silaha. Alionyesha nguvu zake, akauficha udhaifu wake, na katika udhaifu huo ndimo ushuhuda wake ulimokuwa.

Aliyerudi kutoka katika ugonjwa wa moyo hukutana na jaribu hilo hilo. Watu wanapouliza, “Hali yako?” ni rahisi kujibu “Safi kabisa” na kubadilisha mazungumzo. Si lazima kumwambia kila mtu kila kitu. Lakini ushuhuda wa kweli waweza kusema, “Mungu amenihifadhi, natumia dawa, na usiku mwingine bado naogopa. Niombeeni.” Ushuhuda wa namna hiyo humfungua mdomo mwingine aliyekuwa akiteseka kimya. Katika Isaya 38:19 Hezekia mwenyewe alisema kwamba baba atawajulisha watoto uaminifu wa Mungu. Manase alikuwa na miaka kumi na miwili alipoanza kutawala, kwa hiyo alizaliwa ndani ya miaka iliyoongezwa. Alimwacha Mungu wa baba yake, na Biblia haisemi kwamba kosa lilikuwa la baba. Lakini inatukumbusha kwamba miaka ya nyongeza ina watu ndani yake: mtoto wa kufundishwa, mjukuu wa kusimuliwa habari, jirani wa kupatanishwa naye.

Sasa tuwatazame wageni. Siku hizi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inafanya upasuaji wa moyo ambao zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walisafirishwa India kuufuata. Hivyo makanisa yetu yatakuwa na ndugu wengi zaidi walio na kovu kifuani. Tunawatembeleaje?

Soma Ayubu 2:11–13. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye bila kusema neno. Taabu ilianza walipofungua vinywa. Mgeni asisimulie habari za jamaa yake aliyekufa kwa ugonjwa kama huo. Asitoe mapendekezo ya dawa. Asiombe kwa muda mrefu hata mgonjwa akachoka. Akae kidogo, asome fungu fupi, aombe kwa ufupi, na aulize, “Leo nikusaidie nini?”

Msaada wa kweli huwa na miguu na mikono. Mashemasi wanaweza kupanga zamu ya kuchota maji. Vijana wanaweza kupalilia shamba. Dorkasi wanaweza kuchangia nauli ya kliniki au fedha za vipimo. Mtu mmoja anaweza kuwa mwenzake wa kutembea jioni. Kwaya inaweza kumwekea kiti aimbe akiwa ameketi. Kanisa limpe kazi inayolingana na nguvu zake, kwa maana kumwondolea majukumu yote kwa huruma ni njia nyingine ya kumwambia kwamba hahitajiki.

Tusimsahau mke, mume au binti anayemwuguza. Huyo naye halali usiku, anasikiliza kama mgonjwa bado anapumua. Mara nyingi hakuna anayemwuliza hali yake. Anayekuja kumtazama mgonjwa aketi pia na mwuguzaji.

Kama Mungu amekuongezea miaka, nani anasubiri kufaidika nayo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma sura inayohusu maombi kwa ajili ya wagonjwa katika kitabu cha Ellen G. White cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji. Humo anaonyesha kwamba kuomba uponyaji na kutumia tiba havipingani, naye anautumia mfano wa Hezekia. Soma pia sura ya wajumbe kutoka Babeli katika Manabii na Wafalme.

Juma hili tumemwona mtu wa Mungu akilia, akiomba, akitibiwa, akiimba, akitembea polepole, na akijikwaa mbele ya wageni. Mungu hakumwacha katika hatua yoyote kati ya hizo. Tena kumbuka kwamba miaka ile kumi na mitano ilikuwa na mwisho. Hezekia alilala na baba zake, na kila moyo unaopiga leo, wenye ugonjwa na usio na ugonjwa, utasimama siku moja Bwana akikawia. Tumaini letu haliko katika hesabu ya miaka. Liko kwa Yeye aliye na ufunguo wa kaburi, atakayewaita walio wake katika asubuhi ya ufufuo. Kwa sababu hiyo ndugu anayesikiliza mapigo ya moyo wake usiku anaweza kusema, “Bwana, naogopa. Moyo huu ni wako.” Kisha amwamshe mwenzake waombe pamoja, na asubuhi ameze dawa yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa moyo amekuwa haji kanisani kwa miezi miwili. Mkewe anasema ana hasira, halali, na hataki wageni. Wengine wanasema amerudi nyuma katika imani. Darasa lenu lichukue hatua gani za kwanza, na ni nani anayefaa kwenda?

2. Tofauti ya kumtia mgonjwa moyo na kumkataza asihuzunike ni ipi? Tumieni mfano wa jinsi Mungu alivyoyapokea machozi ya Hezekia.

3. Tunawezaje kuhubiri ujumbe wa afya kwa nguvu zote bila kumfanya mgonjwa aone haya kuwa miongoni mwetu?

4. Orodhesheni mambo matatu ambayo darasa lenu linaweza kuyafanya mwezi huu kwa familia moja inayouguza. Andikeni majina ya watakaoyafanya na siku watakayoyafanya, kabla ya kufunga darasa kwa sala.